Nipeni Kengele

Wasikilizaji wapendwa, naanza na Jumanne.

Ilikuwa Jumanne ya pili ya mwezi wa nne, mchana, watu ndiyo kwanza wametoka kula. Mawingu yalikuwa meusi tii. Ghorofani, katika chumba cha simu, wanawake walikuwa wamekaa bega kwa bega kwenye viti virefu, visikilizio vimewabana vichwa, nyaya mikononi. Radi ikapiga mbali. Msimamizi wao akainua mkono kuwaambia wavue visikilizio. Kabla hajafungua mdomo, simu ya mezani kwake ikalia. Akaipokea. Akasikiliza. Akasema, "Ndiyo, mkubwa." Kisha akaushusha ule mkono.

"Endeleeni," akawaambia.

Radi ya pili haikupiga mbali.

Hiyo ndiyo siku mambo yalipoharibika. Na ndiyo siku alipozaliwa mtu tunayemkumbuka leo katika kipindi hiki, ingawa siku hiyo tayari alikuwa mwanamke mzima, mke wa mtu na mama wa mtoto mmoja. Wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Kengele. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuongoza chama cha wafanyakazi wa simu. Narudia kwa aliyefungulia redio sasa hivi: mwanamke wa kwanza kuongoza chama cha wafanyakazi wa simu. Ametutoka wiki tatu zilizopita, nyumbani, kitandani kwake.

Ninayezungumza nanyi ni mume wake. Mtangazaji mliyemzoea amenipisha kwenye kiti chake leo. Kanionyesha mahali pa kusogeza mdomo kwenye kipaza sauti, kaniambia, "Mzee, zungumza tu kama uko nyumbani, ila usikipulizie." Mimi shule niliiacha mapema, shule nayo haikunililia. Nitakayosema nitayasema kama yalivyo.

Wasikilizaji wapendwa, vijana wa leo mnabonyeza kioo, mtu anaitika. Zamani hizo ukinyanyua simu hukumpata unayemtaka. Ulimpata opereta. Mbele yake palikuwa na bodi kubwa ya mbao yenye matundu na taa ndogo ndogo, kila taa na mwenyewe. Ukinyanyua simu kwako, taa yako inawaka kwake. Anachomeka waya, anakuuliza unamtaka nani, anachomeka waya mwingine, mnaongea. Mji mzima ulipita mikononi mwa wanawake wale. Na mji mzima haukujua sura zao.

Mimi nilikuwa fundi wa laini. Kazi yangu nguzo. Nikipanda juu nilining'iniza simu yangu ya kupimia kwenye waya, naita kituo. Siku moja ikaitika sauti ambayo sijaisikia kabla.

"Kituo."

"Fundi hapa. Niko juu ya nguzo, karibu na kiwanda cha sabuni. Nipimie laini."

Akapima. "Laini nzima, fundi."

"Nipimie tena."

"Nzima."

"Tena kidogo."

"Fundi, laini nzima. Au wewe umeshajenga huko juu, unangoja kuhamia?"

Basi, nikashuka kwenye ile nguzo nikiwa mgonjwa. Wenzangu wanapenda kwa macho, mimi nilipenda kwa sikio. Jioni nikaenda kusimama nje ya lango la kituo, nasikiliza kila mwanamke anayetoka. Wakapita, wakapita. Nikamsikia mmoja anamtania mwenzake. Nikamfuata, nikamsalimu. Akanitazama toka chini hadi juu, na safari haikuwa ndefu.

"Wewe ndiye wa nipimie tena?"

"Ndiye mimi."

"Mbona mfupi kuliko sauti yako?"

Mwenzake aliyekuwa naye akacheka mpaka akashika ukuta. Huyo ndiye Kicheko. Jina alilipata pale pale kazini, maana walikatazwa kucheka na yeye hakuweza. Alikaa kiti cha kushoto kwa mke wangu kila siku ya kazi. Tangu jioni ile ananiita shemeji, hata kabla sijatoa posa. Mkumbukeni Kicheko, nitarudi kwake.

Nilipokwenda kujitambulisha, mama mkwe wangu aliniambia hivi: "Mwanangu anasikiliza maneno ya watu kutwa nzima. Akifika kwako hatakuwa na hamu ya maneno. Utamweza?" Nikasema nitamweza. Kumbe ilikuwa kweli tupu. Maana maopereta walikula kiapo siku ya kwanza ya kazi: kinachopita kwenye waya kinabaki kwenye waya. Mke wangu alijua nani anaumwa, nani anaachwa, nani anakuja kuoa wapi. Nyumbani hakutoa hata chembe. Nikimchokonoa, "Mke wangu, mjini leo kuna nini?" ananijibu, "Kuna jua."

Kiapo hicho, wasikilizaji wapendwa, kishikeni vizuri. Ndicho kilichokuja kumbana.

Sasa nirudi kwenye ile Jumanne.

Opereta anaijua radi kabla yako wewe uliye nje. Kuna mkwaruzo unaingia kwenye waya, krr, kama mtu anayekwaruza sufuria tupu. Anayevaa visikilizio anausikia wakati wewe bado unatafuta kama lile ni wingu au moshi. Kwa hiyo desturi ilikuwa, mawingu yakifunga, msimamizi anainua mkono, wanavua, wanangoja ipite. Wateja nao wanangoja. Ndivyo ilivyotakiwa.

Na pale nyaya zinapoingia kwenye jengo panatakiwa pawe na vizuia radi. Vilikuwepo. Viliungua. Sisi mafundi tukawaambia wakubwa. Tukaambiwa vipya viko njiani. Nilipostaafu vilikuwa bado njiani, sijui vinakuja kwa magoti.

Radi ile ilipiga nguzo, ikafuata waya, ikaingia chumbani, ikaingia sikioni mwa Kicheko. Hakupiga kelele. Aliteleza kutoka kwenye kile kiti kirefu kama nguo inavyoanguka kutoka kwenye kamba. Mke wangu alikuwa pembeni yake, naye ikamlamba sikio la kushoto. Akavua visikilizio, akapiga magoti, akamweka Kicheko kichwa mapajani. Bodi yote iliwaka taa, wateja wanaita, wanaita. Hakuna aliyewaitikia. Msimamizi akasema kwa sauti ndogo, "Mabibi, taa." Mke wangu akamjibu, "Ziache ziwake."

Kicheko alipona. Masikio hayakupona, yote mawili. Msichana ambaye kazi yake ni kusikia, aliyeishi kwa kucheka na watu, aliamka akatuona midomo inacheza na sauti hakuna. Mke wangu sikio lake la kushoto halikurudi kama zamani. Tangu hapo mimi nikawa mtu wa kuliani. Barabarani, mezani, kitandani, mimi kulia. Akinikasirikia anageuka, ananipa la kushoto, basi hapo hata uhubiri.

Wakubwa wakaunda kamati ya uchunguzi. Wakubwa hawakosi kamati. Mimi niliitwa kueleza habari za vizuia radi, nikaeleza, hakuna aliyeandika, nikaambiwa nikakae nyuma. Ndiyo maana haya nitakayowaambia sikuhadithiwa. Niliyaona.

Msimamizi aliitwa kwanza. Mama yule maopereta walimwita Bi Viatu, kwa sababu kutwa alitembea nyuma ya migongo yao, ko, ko, ko, na wao hawakuruhusiwa kugeuka. Walimjua kwa soli kuliko kwa uso. Akasema, "Nilitaka kuwaambia wavue. Nikapigiwa simu. Nikaambiwa hakuna kuvua, kuna simu za maana zinapita, endeleeni."

"Nani alikwambia?"

"Sauti ya mkubwa. Laini ilikuwa inakwaruza, sikuitambua ni ya nani. Alisema ni amri kutoka juu."

Wakubwa wote walikuwepo mle chumbani, wamepangwa upande mmoja wa meza. Wakaulizwa mmoja mmoja. Si mimi. Si mimi. Mimi nilikuwa kikaoni. Mimi simu yangu ilikuwa mbovu. Ukiwasikiliza ungedhani simu ile ilijipiga yenyewe.

Akaitwa mke wangu. Mwenyekiti wa kamati akamtazama juu ya miwani.

"Bibi, simu iliyoingia mezani kwa msimamizi siku hiyo, nani aliiunganisha?"

"Mimi."

"Kila ofisi ina taa yake kwenye bodi, sivyo?"

"Ndivyo."

"Basi unajua. Tuambie. Taa ya nani iliwaka?"

Wasikilizaji wapendwa, nilishika ukingo wa benchi. Nilitaka aseme. Damu yangu yote ilitaka aseme. Lakini niliwaona wale wakubwa, hakuna aliyekuwa na wasiwasi, na mmoja alikuwa anatabasamu. Hapo hata mimi mbumbumbu nikaelewa. Ulikuwa mtego. Akitaja, amevunja kiapo mbele ya mashahidi. Watamtoa yeye, watawatoa wenzake, watatangaza mji mzima kwamba maopereta wanauza siri za watu. Asipotaja, hakuna mkosaji. Huku moto, huku maji.

Mke wangu alimkabili mwenyekiti. Alikuwa amegeuza kichwa kidogo, sikio la kulia mbele, kama ilivyokuwa kawaida yake mpya. Kisha akasema:

"Mzee mwenyekiti, mimi nilikula kiapo, sitakivunja. Lakini aliyepiga hakula kiapo cha kunyamaza. Yumo humu. Asimame tu, tuyamalize."

Akangoja. Sote tukangoja. Feni ya darini ikazunguka. Kiti kimoja kikalia, tukageuka wote, kumbe mtu anajikuna. Wakubwa walikuwa wanatazama viatu vyao, na kusema kweli viatu vizuri walikuwa navyo. Hakusimama mtu.

"Haya," akasema mke wangu. "Kama hamna mtu wa kunipa, nipeni kengele."

"Kengele gani?"

"Kengele ya mkono, kama ya shuleni. Ikae katikati yetu. Yeyote anayesikia mkwaruzo wa kwanza anaipiga, na wote tunavua. Hatuombi ruhusa. Hatungoji simu ya mtu."

Wakacheka. Walicheka kweli kweli, mmoja akafuta machozi. "Bibi, hiki ni kituo cha simu, si shule ya chekechea." Na kikao kikafungwa.

Nyumbani niliwaka kuliko ile bodi. "Kwa nini hukumtaja? Mtu kamuua Kicheko masikio, unamfichia?"

Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua macho. "Nikimtaja watamtoa yeye, watamleta mwingine, na simu italia tena. Mimi sitaki mtu, nataka isilie tena."

"Lakini unamjua."

"Sogea, unaniwekea kivuli kwenye mchele."

Sasa sikieni alivyofanya. Chama cha wafanyakazi kilikuwepo, lakini kilikuwa cha sisi wanaume wa nguzo. Wanawake wa bodi hawakuwa na kiti. Na kazini walikatazwa kuongea wao kwa wao. Ila kila asubuhi, kabla wateja hawajaamka, walipima laini za mbali. Opereta wa mji huu anamwita wa mji ule: unanisikia? Nakusikia. Wazi? Wazi. Hilo ndilo neno pekee waliloruhusiwa kusemezana, na ni wakubwa wenyewe waliolitaka.

Mke wangu akaongeza neno moja. Alimaliza kupima, kisha akasema, "Huku kwetu ikikwaruza, tunavua. Kwenu je?"

Asubuhi ya kwanza, kimya. Wa upande wa pili alikata. Ya pili pia. Mke wangu hakukoma, kila laini, kila mji, kila asubuhi, "Tunavua. Kwenu je?" Mpaka siku moja sauti ya mama mtu mzima, ya mji ambao mke wangu hajawahi kuukanyaga, ikamjibu:

"Mwanangu, huku kwetu alishakufa mmoja. Tunavua."

Alirudi nyumbani siku hiyo akalia. Nilidhani mambo yameharibika. Kumbe alikuwa analia kwa kuwa ameitikiwa.

Baada ya hapo ikawa kama moto kwenye nyasi kavu. Mji baada ya mji. Na mawingu yalipofunga tena, mkwaruzo ulipoingia, krr, mke wangu alivua visikilizio, akavilaza mbele yake, akaweka mikono mapajani. Wa kulia kwake akavua. Wa kushoto kwake kiti kilikuwa kitupu, cha Kicheko. Wakavua wote. Bi Viatu akaja mbio, ko, ko, ko, akasimama nyuma yao. Walingoja kelele. Wakasikia kimya. Walipogeuka, maana siku hiyo waligeuka, walimkuta amekaa chini, anafungua kamba za viatu. Akavivua, akaviweka pembeni, akasema, "Na mimi nimevua."

Walifungiwa nje. Wote, na miji mingine vilevile. Walikaa kwenye ngazi za kituo na watoto wao, na Bi Viatu pekupeku katikati yao. Hapo ndipo chama chetu cha wanaume kilipoamka usingizini kikateremka kwenye nguzo. Nasema kwa shukrani, ingawa kilichelewa. Siku nzima mji ukawa bubu.

Wakubwa wakataka kuonyesha kwamba ni uvivu wa wanawake. Wakawaketisha makarani kwenye bodi. Na mkubwa mmoja, mnene wa sauti, akaita watu wa magazeti waje waone. Akapanda kile kiti kirefu mwenyewe, akavaa visikilizio, akatabasamu kwenye kamera. Mimi nilikuwa dirishani, juu ya ngazi yangu, nimejifanya natengeneza. Mbingu ilikuwa imeinama. Ikaja ile krr, ndogo tu, ya mbali. Yule bwana aling'oa visikilizio na miwani pamoja, miwani ikaruka mpaka kwenye kapu la taka.

"Kumekwaruza!" akasema.

Mwandishi mmoja akamuuliza, "Kwa hiyo, mheshimiwa, unavua?"

Picha ikatoka magazetini, wanawake wakafunguliwa lango, na wiki iliyofuata kengele ikaletwa. Ilikuwa imetoka kwenye shule aliyofundisha dada yake Bi Viatu, mpini wake wa mti umelainika kwa mikono ya walimu. Ikakaa juu ya bodi, katikati. Na siku ya kwanza kabisa ilipigwa kwa makosa. Nje kwenye ua walikuwa wanaviringisha mapipa matupu, opereta mmoja mgeni akashtuka, kengele ikalia, wote wakavua, mji mzima ukakatika, na jua linawaka hakuna hata wingu la kusingizia. Mkubwa akaja juu anahema. "Radi iko wapi?" Mke wangu akamwambia, "Iko kwenye mapipa, mzee. Afadhali tuchekwe na mapipa."

Tangu kengele ile iwekwe, wasikilizaji wapendwa, hakuna opereta wa kituo kile aliyepigwa radi sikioni. Narudia. Hakuna hata mmoja. Wako wanawake wengi mjini leo wanaosikia wajukuu wao wakilia, na hawajui kwamba wanasikia kwa sababu ya kengele. Kwa hilo mimi nashukuru, na moyo wangu, pamoja na uchungu wake wote, unashukuru.

Mwaka uliofuata chama kilimchagua. Mwanamke wa kwanza. Wanaume wengine walinung'unika, mmoja akaniuliza, "Sasa nyumbani kwako anayeongoza nani?" Nikamwambia, "Huko kwetu uchaguzi ulishafanyika zamani, nilishindwa nikiwa mgombea peke yangu." Alisafiri miji yote aliyokuwa anaijua kwa sauti tu. Akishuka anafumba macho, wanawake wanamsalimu mmoja mmoja, naye anawatambua kwa salamu. Yule mama wa "mwanangu, tunavua" walikumbatiana, kila mmoja akasema mwenzake ni mdogo kuliko alivyomdhania.

Akiwa safarini mimi nilibaki na binti yetu. Nilijifunza kumsuka. Binti yetu ameniomba niseme maneno yake hapa, nayasema: "Baba alinisuka mistari imepinda kama nguzo zake baada ya upepo. Shuleni nilichekwa. Lakini mama akirudi hakufumua. Alisema, laini nzima." Ndivyo alivyosema binti yetu, na mimi sina la kuongeza.

Halafu zikaja mashine. Simu zikajiunganisha zenyewe, bodi ikang'olewa, wanawake wakapewa mkono wa kwaheri. Wakubwa wakaweka picha zao ukutani kwenye jengo jipya, wamepangana kama mitungi. Mke wangu hayumo. Kengele waliitupa kwenye vyuma chakavu. Alikwenda mwenyewe langoni akamwomba mlinzi. Mlinzi akamwambia, "Mama, chukua, nilikuwa nimekuwekea."

Ikakaa rafuni jikoni kwetu. Mnaoishi mtaa wetu mnaijua. Mawingu yakifunga anatoka kibarazani, anaipiga, na mtaa mzima unachomoa televisheni na friji. Wahamiaji wapya walidhani ni kichaa. Jirani mmoja, mtu mwenye majivuno yake, alikataa kuchomoa. Sitamtaja. Televisheni yake ilitoa moshi kama birika la chai. Tangu siku hiyo kengele ikilia yeye ndiye wa kwanza.

Na mimi, miaka yote hiyo, sikuacha kumuuliza. Kwenye chai, kwenye foleni ya hospitali, hata alipokuwa hawezi tena kukaa mwenyewe. Nilikaa upande wake wa kulia nikamwambia, "Mama watoto, kituo hakipo, bodi haipo, kiapo umekitunza cha kutosha. Nitajie. Taa ya nani iliwaka?"

Akanishika mkono. "Nikikutajia utamchukia mtu mmoja. Usipojua, utawauliza wote."

"Nimechoka kuuliza."

"Hujachoka. Mimi nakujua wewe na nipimie tena yako."

Baada ya siku chache akaondoka.

Siku ya mazishi walikuja. Wakubwa wa sasa na wastaafu, magari mpaka kona ya barabara. Maopereta wa zamani nao walikuja, wazee sasa, wamekaa safu moja, bega kwa bega bila kupangwa na mtu. Kicheko alikuwa mbele, kengele mapajani, binti yetu alikuwa amempa aishike. Akasimama mkubwa mmoja mstaafu, mmoja wa wale waliokuwa mezani siku ya kamati, fimbo mkononi, akapewa kipaza sauti. "Marehemu," akasema, "alikuwa kama binti yangu. Mimi ndiye niliyempa kengele ile." Mimi nikasaga meno.

Mawingu yalikuwa yanafunga na hatukuyajali. Kicheko hasikii radi. Lakini radi ina mguu, inakanyaga kifuani, na yeye ameishi na kifua chake miaka yote hii. Nikamwona anainua uso. Akasimama, akaipiga kengele, akaipiga kwa mikono miwili.

Na wale wazee wote, wasikilizaji wapendwa, safu nzima, waliinua mikono kichwani kwa pamoja kuvua visikilizio ambavyo havipo.

Kijana wa mitambo anatoka mtaa wetu, anaijua kengele ile. Akachomoa umeme. Mkubwa akabaki anaongea, mdomo unacheza, sauti hakuna. Akauliza, "Nini? Kuna nini?" Bi mmoja katika safu akamjibu bila kusimama:

"Kumekwaruza, mheshimiwa. Vua."

Nilicheka. Kwenye mazishi ya mke wangu nilicheka mpaka machozi yakapata njia. Ndipo mvua ikaja.

Wasikilizaji wapendwa, muda unanibana. Natoa pole kwa binti yetu na wajukuu, kwa dada za marehemu, na kwa kila mwanamke aliyewahi kukaa kwenye kiti kirefu. Nashukuru mlivyokuja, mlivyobeba, mlivyopika. Pole ya pekee ni yako Kicheko, shemeji yangu. Najua hunisikii. Najua pia umekaa karibu na redio na umeiwekea kiganja, kama unavyofanya kila jioni, unaisikiliza inavyotetemeka. Basi nitasema polepole.

Nanyi mnaonisikia, kila mtu kazini kwake atafakari hili. Kuna wakati unasikia mkwaruzo kabla ya mwenzako. Usingoje simu ya mtu. Ipige.

Na wewe. Wewe uliye mezani siku ile, au mwanao, au mjukuu uliyerithi nyumba yake na jina lake zuri. Wengi wenu mmeshazikwa kwa heshima, mmoja au wawili mko hai na redio mnazo. Mke wangu aliwangoja msimame, miaka yote, hakuwataja. Amekwenda na lile jina. Hakuna anayewafunga sasa, mimi ni mzee wa kupanda nguzo tu, sina la kuwafanya. Nataka kupima laini mara moja ya mwisho.

Mnanisikia?

Ile Jumanne, mchana, taa ya nani iliwaka?